Mgeni na Jembe

Ndugu msomaji, kisa changu kinaanza na kitabu cha shilingi elfu mbili. Nilikinunua hapa kwetu Tanga mjini kwa jamaa mmoja anayetandaza vitabu vilivyotumika kando ya barabara. Jalada lilikuwa limekwisha zamani, ila ndani kilikuwa kizima. Kilikuwa kitabu cha wasafiri, kwa Kiingereza, kinamfundisha mtu namna ya kwenda livu Italia: nini cha kuona, nini cha kufanya, wapi ale. Mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne, na tangu nimalize shule naandika riwaya ambayo haijafika popote. Italia sijafika wala sitarajii kufika. Lakini mtu anayetaka kuandika husoma chochote, hata karatasi iliyofungiwa karanga. Kitabu kile nilikimaliza kwa siku mbili.

Kilichonishangaza si mnara wa Pisa ulioinama wala mji wa Venice uliojengwa juu ya maji. Ni jinsi kila jiwe la Italia lilivyo na habari yake. Ukipita mlango fulani unaambiwa nani aliujenga, nani alifia pale, nani alitoroka usiku. Nikajiuliza, hivi kwetu mtu akitaka kwenda livu, nani anamwambia habari za mawe yetu? Anaambiwa hewa safi, mandhari nzuri, piga picha, kwisha.

Nafasi ya kulijibu swali hilo ilikuja yenyewe. Baba mdogo alinituma Lushoto kwa bibi. Alikuwa amepatikana mtu mwenye fedha zake anayelitaka shamba la bibi ajenge nyumba ya wageni. Shamba lile liko ukingoni mwa mlima. Asubuhi ukisimama pale migomba inapokwisha, mawingu yako chini ya miguu yako. Bei aliyotaja mnunuzi ilimkosesha baba mdogo usingizi. Kazi yangu ilikuwa kumlainisha bibi, maana kwa wajukuu wote ananipenda mimi, kisha nirudi na karatasi yenye dole gumba lake.

"Mwambie umekuja livu tu," baba mdogo alinishauri. "Siku ya tatu ndio umfungulie maneno."

Basi nikafunga begi: sweta, daftari, karatasi ya mauziano, na kitabu changu cha Italia.

RELI NA KONA

Mtu wa livu aanze kutazama kabla hajaufikia mlima. Kutoka Tanga, barabara na reli ya zamani hufuatana kama ndugu waliogombana: mara wako karibu, mara mmoja amepotelea kichakani. Reli ile Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilitambaa polepole. Mombo, chini ya mlima, ilifika mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Treni ya abiria ilitoweka kwa miaka mingi hata watoto wakadhani reli ni njia ya mbuzi, ikarudi mwaka 2019.

Mwaka ule ule wa 1893, Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilivyosalimika vilikuwa 62 tu. Uzao wa vile 62 ndio uliokuja kuifunika nyika unayoiona dirishani, safu kwa safu, hadi macho yanachoka. Nilipokuwa mdogo nilidhani mkonge umeumbwa pamoja na Tanga. Kumbe nao ni mgeni.

Mashamba yalitaka mikono, na mikono ilikuwa mlimani inalima migomba yake. Mwaka 1907, katika wilaya hii ya Lushoto, serikali ya Kijerumani ikaleta kadi. Kila mwanamume alipewa kadi ya kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza kadi yake alipelekwa kwenye kazi za serikali. Nilipolisoma jambo hilo niliitazama upya ile barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita kama 33 za kona tupu, jabali upande huu, korongo upande ule, mto unanguruma chini. Abiria wote tunashangilia dereva anavyokata kona. Waliolikata jabali lenyewe hatuwataji.

Nilifika kwa bibi jua linazama, baridi imeshaanza kuuma masikio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

"Nimekuja livu bibi."

Akacheka hadi akashika kiuno. Bibi yangu ana miaka 80 na kitu, meno yake machache, lakini sikio lake halikosi. "Livu! Haya. Siku mbili hizi ni zako, tembea utakavyo."

Akanipakulia makande. Mimi nikashukuru, sikuuliza habari ya siku ya tatu.

MWINDAJI WA VUGHA

Asubuhi yake nilikwenda Vugha, juu ya Soni. Njiani usiache kusimama penye maporomoko ya Soni. Yako karibu na barabara, hayana haja ya kiongozi.

Vugha ndipo palipokuwa na kiti cha Wakilindi, watawala wa Usambara. Ukifika leo usitegemee kasri la mawe kama yale ya Italia. Mji ule ulikuwa wa miti na majani, na miti na majani huoza. Utaona migomba, nyumba za watu, watoto wanaotoka shule. Ndiyo maana inabidi uende na habari yake kichwani, la sivyo utarudi ukisema hakuna kitu.

Habari yenyewe iko katika kitabu cha Kiswahili ambacho kila kijana anayetaka kuandika angepaswa kukitafuta kabla hajatafuta cha Kiingereza. Kinaitwa Habari za Wakilindi. Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyewajua Wakilindi kwa karibu. Alikiandika zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mwaka 1962 East African Literature Bureau ikakitoa upya. Fikiri, ndugu msomaji: wakati ule wakubwa wa Kijerumani walikuwa wakiandika ripoti zao kuhusu sisi, kumbe kando yao ameketi mtu wa hapa hapa na kalamu yake, anaandika kwa lugha yetu.

Anasema alikuwapo mwindaji wa nguruwe aitwaye Mbega, kutoka Nguu. Alizaliwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakalifanya jambo hilo kuwa sababu ya kumnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, akapanda mlima. Alipoua mnyama aligawa nyama kwa wenyeji, nao wakampa chakula cha shambani. Wakaanza kumletea na magomvi yao awaamulie. Alipokuwa akipelekwa Vugha, usiku njiani akaua simba, na tangu hapo mtawala wa Usambara akaitwa Simba Mwene.

Wewe unayejifunza kuandika, tazama kisa hicho kinavyoanza. Hakianzi na taji wala vita. Kinaanza na mnofu wa nyama unaotoka mkono huu kwenda mkono ule. Mtawala wa kwanza wa mlima huu alikuwa mgeni, na kilichompa kiti ni kile alichokuja nacho mkononi. Wasambaa wana maneno mawili ya kumpima mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua ikinyesha na watu wakishiba, nchi inaponywa. Wakubwa wakigombana na njaa ikiingia, nchi inaharibika. Kipimo hicho hakiangalii ukubwa wa jumba.

Mwaka 1848 akaja mgeni mwingine, Mmisionari Johann Ludwig Krapf, akapokewa Vugha na Kimweri ye Nyumbai. Akarudi tena mwaka 1852. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake wana na wajukuu wakapigana kwa miaka mingi, huku bunduki zikipanda mlimani na watu wakishushwa pwani kuuzwa. Nchi ikabanwa. Wajerumani walipofika waliikuta imechoka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Miaka 47 tu tangu Krapf alipopokewa kama mgeni wa heshima.

MJI WA KAISARI

Mchana nilishuka Lushoto mjini. Zama za Wajerumani mji huu uliitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao Wilhelm wa Pili. Wenyeji hupenda kusema kwamba Wajerumani walitaka kuufanya makao makuu. Makao makuu ya koloni yalikuwa Dar es Salaam, ila ukitembea Lushoto utaelewa maneno hayo yalitoka wapi. Kuna majengo ya kuta nene, mapaa ya mteremko mkali kama yanangoja theluji, mabomba ya moshi ya kutolea moto wa sebuleni. Fanya hivi: nenda sokoni siku ya gulio, nunua peasi na plamsi, kisha zunguka mjini taratibu huku unakula. Matunda hayo nayo yana asili ya ugenini, kama mapaa yale.

Kitabu changu kilisema kwamba mwaka 1786 mshairi mkubwa wa Ujerumani, Goethe, aliondoka kwao kimyakimya akaenda Italia, na tangu enzi hizo Wajerumani wamekuwa wakishuka kusini kulifuata jua. Nilicheka peke yangu pale sokoni. Wajerumani wa Ulaya wanakimbilia Italia kulitafuta jua, na wale wa Tanga walipanda Usambara kulikimbia jua! Joto na malaria viliwasumbua pwani, huku juu walipata baridi ya kwao, viazi vya kwao, na moto wa kuota jioni. Mlima wetu ulikuwa Italia yao iliyogeuzwa.

Mwezi Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Mwingereza yaliingia Wilhelmstal. Mji ukarudishiwa jina la Lushoto, lakini livu iliendelea. Waingereza nao walipanda kupumzika, wakawa na shule ya watoto wa Kizungu. Hadi leo Lushoto ina Ikulu ndogo. Kila serikali iliyopita imeipenda hewa ile.

Jioni nilimsimulia bibi kuhusu nyumba moja ya zamani niliyoiona, yenye baraza ndefu na maua. Akaniuliza iko wapi, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasukuma kuni motoni.

"Babu yako alikuwa mpishi nyumba ile. Tajiri wake alikuwa mtu wa mkonge, anakuja livu na mke wake na mbwa. Siku moja baridi kali, nikampelekea babu yako sweta. Nikapanda ngazi za mbele. Nikaambiwa nizungukie nyuma."

"Ukazunguka?"

"Nikazunguka. Nikampa sweta dirishani mwa jiko. Akaona aibu kuliko mimi."

Hakusema zaidi. Mimi mjukuu wake mchana ule nilikuwa nimekaa kwenye ngazi zile zile, nikila plamsi na kutema kokwa majanini.

MSITU NA UA

Siku ya pili niliamka na mapema nikaenda msitu wa Magamba. Hapa usiende mbio. Ni msitu wa ukungu, wenye miti mirefu iliyovaa kuvu na ndege wanaosikika bila kuonekana. Ukibahatika utaona mbega, wale nyani weusi wenye joho jeupe mabegani. Wana jina moja na yule mwindaji wa Vugha, na kwa kweli wanatembea kifalme.

Usambara ni milima ya kale sana, na kwa kuwa misitu yake imekaa peke yake kama visiwa, ina vinyonga, ndege na mimea isiyoonekana kwingine duniani. Hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli huku kwetu. Mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la familia yake, Saintpaulia. Leo ua hilo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na wanaolimwagilia maji wengi hawajui Usambara iko wapi. Mwaka 1902, kule Amani, Usambara ya Mashariki, Wajerumani wakaanzisha kituo cha utafiti na bustani kubwa ya miti ya kila nchi. Nenda Amani ukipata nafasi, ila ujue ni safari nyingine kabisa, milima ile imetenganishwa na hii kwa bonde la Lwengera.

Kupita Magamba kuna Shume. Huko ilikuwako miti ya mwangati ambayo Wazungu waliiita seda. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins na Wiese ilining'iniza kamba za chuma hewani kutoka Shume juu hadi Mkumbara chini penye reli, magogo yakawa yanashuka mlimani yakielea kama ndege. Nilisimama nikafikiri: ua limeshuka, mti umeshuka, watu walishushwa. Na kilichopanda ni nini?

TUTA LA IRENTE

Alasiri nikaenda Irente, mahali pa kutazamia panapojulikana kuliko pote. Ni mwendo wa miguu wa saa moja na ushei kutoka mjini. Njiani kuna shamba la kanisa la Kilutheri ambapo unaweza kula mkate, jibini na jemu vinavyotengenezwa pale pale. Kisha unafika kwenye jabali, na dunia inakatika. Mita elfu moja hivi chini yako kuna nyika, barabara kuu kama uzi, mashamba ya mkonge kama mkeka. Ile pale ni Mazinde, ambako Semboja, mtoto wa Kimweri, alihamia akaishi kando ya njia ya misafara, akauza na kununua, akawa na nguvu kuliko waliobaki Vugha juu. Pale ndipo unaelewa kilichoivunja nchi hii kwa kutazama tu: mali ilipita chini, na mfalme alikuwa juu.

Vijana wenzangu walikuwa wanapiga picha wakiwa wamenyoosha mikono kama wanaruka. Mimi pia nilipiga. Sijifanyi mtakatifu.

Usiku, kwa kuwa ulikuwa wa mwisho kabla ya kutimiza nilichotumwa, nilitoa kitabu cha Italia nimwonyeshe bibi picha. Nilitaka kumwonyesha jinsi wenzetu wanavyopata fedha kwa wageni, ili kesho maneno yangu yapate pa kukanyaga. Nikamwonyesha Roma, akasema majumba yamebomoka wasiyatengeneze kwa nini. Nikamwonyesha Venice, akauliza watoto hawazami? Kisha tukafika pwani moja ya kaskazini iitwayo Cinque Terre. Ni vijiji vitano vilivyogandamana na majabali juu ya bahari, na mlima mzima umekatwa ngazi ngazi za mashamba ya mizabibu, zimeshikiliwa na kuta za mawe. Mwaka 1997 UNESCO iliutia mlima ule katika urithi wa dunia.

Bibi alikivuta kitabu karibu na taa. "Matuta!" akasema. "Hawa nao nani aliwafunga?"

Sikumwelewa. Ndipo akanisimulia, na mengine nikaja kuyasoma baadaye.

Mwaka 1946 Waingereza walianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, kisha ukaenezwa Usambara. Kila mtu alipaswa kuchimba matuta yanayokinga mteremko wa shamba lake ili maji ya mvua yasibebe udongo. Asiyechimba alishtakiwa barazani, akatozwa faini au akafungwa. Kwa kuwa mazao ya chakula yalikuwa mikononi mwa wanawake, mzigo mkubwa uliwaangukia wao. Na ardhi ilikuwa imeshabana, kipande cha kumlisha mtu kilikuwa kidogo, wengine wakilima kwa kuazima. Ukichimba tuta kwenye shamba la kuazima, mwenyewe anaogopa umelifanya lako. Ukichimba kwenye lako, unapoteza msimu. Watu wakakataa. Wengi waliokataa matuta ndio walioingia TANU. Mwaka 1957 serikali ikauacha mpango ule.

"Nilikuwa msichana sijaolewa," bibi alisema. "Mama yangu alifungwa kwa ajili ya matuta. Alipotoka alilima kufuata mteremko, juu kwenda chini, makusudi. Mvua ikaja ikachukua udongo, akacheka. Na njaa akaiona, lakini alicheka."

Hapa, ndugu msomaji, lazima niseme kweli yote, si nusu. Udongo wa Usambara ulikuwa unakwenda kweli. Bwana wa matuta hakudanganya. Leo hii ukipita vijijini utaona makinga maji na majani yaliyopandwa kuzuia udongo, na wenyewe wanayatunza. Hata shamba la bibi lina matuta. Nikamuuliza, bibi si mlikataa?

"Tulikataa kupigiwa filimbi," akajibu. "Haya nimechimba mwenyewe baada ya Uhuru, na babu yako." Kisha akaigonga ile picha kwa kidole. "Na hawa?"

Nikamsomea. Kitabu kilisema watu wa pale walizijenga kuta zile wenyewe, jiwe juu ya jiwe, kwa karne nyingi. Kilisema pia kwamba vijana wengi waliondoka kwenda kutafuta kazi nzuri zaidi, mashamba yakaachwa, na sehemu nyingi kuta zimeporomoka.

Bibi akafunga kitabu taratibu, akanirudishia. "Kalale mume wangu."

SIKU YA TATU

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kabla hakujapambazuka sawasawa nilisikia mlango unagongwa. Bibi amesimama, ana kanga mbili na sweta la babu, ameshika majembe mawili. Hakusema kitu. Nami sikuwa na cha kusema, maana siku mbili za livu nilishazila.

Tulikuwa tunatengeneza tuta lililobomolewa na mvua, pale pale ukingoni ambapo mnunuzi anapataka. Yeye anaonyesha, mimi nachimba. Nilipochimba vibaya alisema "tazama maji yatapita wapi," basi. Kufikia saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoa malengelenge. Ukungu ulipoondoka nyika yote ikafunguka chini, na ni kweli, ni mahali pazuri sana pa kujenga nyumba ya wageni.

Huku napumzikia mpini nikaufikiria ule msemo, na wageni wote niliowafuata kwa siku mbili. Mbega alikuja na nyama. Wengine walikuja na kadi, kamba za chuma, filimbi za matuta. Wengi wao hawakungoja siku ya tatu wapewe jembe. Wao ndio waliomkabidhi mwenyeji jembe, wakaenda kukaa barazani. Nadhani historia ya livu ya Lushoto ni hiyo.

Sisemi wageni wasije. Upo msemo mwingine, mgeni njoo, mwenyeji apone, nao ni wa kweli. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Lushoto wamekuwa wakiwaongoza wageni kwa miguu vijijini, na sehemu ya fedha imeingia katika mambo ya vijiji wenyewe. Na sisi ukoo wetu tuna shida zetu. Paa la bibi linavuja, dawa zake ni ghali, baba mdogo ana watoto shuleni. Fedha ile ingetatua mengi. Ndiyo maana nilitoa karatasi mfukoni nikamweleza bibi kila kitu, bei na yote, kwa uaminifu. Sikutaka kumficha tena.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu.

"Huyo mtu, akishajenga, mimi nikitaka kuja kutazama nyika nitapita mlango gani?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikaikunja karatasi.

Sijui bibi ataamua nini. Shamba ni lake na dole gumba ni lake, na huenda masika ijayo paa likizidi kuvuja atalitoa. Hilo si langu kuamua wala si la kumwandikia mwisho mtamu, ingawa mwandishi wa riwaya ndani yangu anatamani. Mimi nilirudi Tanga na karatasi kama ilivyokuwa.

Basi, msomaji mwenzangu, ukipata nauli nenda livu Lushoto. Tazama reli Mombo, simama Soni, panda Vugha na Habari za Wakilindi kichwani, kula plamsi Lushoto, msikilize mbega Magamba, na Irente piga picha yako. Kisha mtafute mzee wa kule, umwamkie, umuulize matuta yale nani aliyachimba. Na ukikaa hadi siku ya tatu, omba jembe. Usingoje kugongewa mlango kama mimi.

Malengelenge yalichukua wiki kupona. Baba mdogo mpaka leo amenuna.